Mshonaji Hajulikani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu ikipanda mnivumilie, maana nimeingia studio nikiwa nimefura. Tunamkumbuka fundi cherehani aliyezikwa juma lililopita. Mtaani walimwita Mkia. Alishona makoti ya kiume ya zamani, yale marefu yenye mikia miwili nyuma, na makoti hayo yapo hadi leo katika ukumbi wa maigizo wa mji. Mlishike hilo kabla sijaendelea. Aliyeyashona ni Mkia.

Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, kati ya kinyozi na muuza vioo. Mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu meza ya kukatia iliuzuia. Asubuhi alishona sare za shule, ndizo zilizomlisha. Mchana alinawa mikono kwa sabuni, akaangika ramani zake ukutani. Ramani ni zile karatasi zenye umbo la mgongo, kifua na mkono, ambazo fundi hufuata anapokata kitambaa. Zake zilichorwa na mafundi waliokufa kabla babu yake hajazaliwa. Alizikuta kwa muuza duka aliyekuwa akizitumia kufungia watu sabuni, akamnyang'anya kwa maneno matamu.

Tusimpambe marehemu. Mkia alikuwa na maringo, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukimwambia kola hii imekaa vizuri, atakujibu, "Najua." Basi, anaendelea na sindano yake.

Koti lake la kwanza lilikuwa kioja. Ramani za zamani hazina nafasi ya mshono, ile ziada ya kitambaa inayoliwa na mshono. Fundi wa wakati ule aliiongeza mwenyewe kwa chaki, hakungoja kuambiwa. Mkia hakulijua hilo. Akakata juu ya mstari, akashona, akapiga pasi, akalivaa. Thubutu! Lilimkwama kwenye viwiko. Mkewe, ambaye ni mwanamke mwenye umbo dogo, akalijaribu, likamkaa sawasawa.

Mama huyo anasimulia mwenyewe: "Nikamwambia, baba, asante kwa zawadi. Alinuna mpaka chakula kikapoa. Mimi nikawa nalivaa kufagilia uani, nafagia kwa fagio, mikia nayo inafagia nyuma yangu."

Wasikilizaji wapendwa, fundi aliyeanza hivyo ndiye aliyekuja kuuvisha ukumbi mzima. Meneja wa ukumbi alimfuata chumbani kwake, akataka makoti ya mchezo wa mambo ya kale. Akataka yashonwe kwa mkono, kila mshono, cherehani isiguse hata pindo. Mkia akafurahi kama amepewa nyumba. Binti yake wa pekee akakaa naye mezani, akishona matundu ya vifungo. Binti anakumbuka kwamba baba yake alimfumulisha tundu moja mpaka akalia, kisha akampa leso na kumwambia, "Lia pembeni, usiloweshe kitambaa."

Kulikuwa na tatizo moja. Kifua cha koti la zamani hutiwa kitambaa kigumu ndani ili kisimame. Kitambaa hicho hakikupatikana popote. Mkia akachukua magunia ya unga wa ngano, akayafua, akayakata, akayachoma sindano tabaka kwa tabaka hadi yakashika umbo la kifua cha mtu. Juu akafunika bitana laini. Ukilipasua lile koti la bwana mkubwa wa mchezo, ndani utasoma chapa ya unga. Hiyo ilikuwa siri ya kuchekea nyumbani kwao.

Waigizaji waliyavaa makoti yale mwaka baada ya mwaka. Kisha ukumbi ukafanya sherehe ya kukumbuka siku ulipofunguliwa, wakaalika wageni wakubwa wakubwa. Mkia hakualikwa. Aliyemletea habari ni jirani yake muuza vioo, maana yeye ndiye aliyepeleka ukumbini kioo cha kabati la maonyesho. "Makoti yako wameyafungia kama vito," akamwambia. Mkia akavaa suti yake, akamshika binti mkono, wakaenda.

Koti la bwana mkubwa lilikuwa limesimama ndani ya kioo, taa zinaliwakia. Chini yake kulikuwa na kadi. Binti akaisoma kwa sauti: "Vazi halisi la kale. Mshonaji hajulikani."

Hajulikani! Mtu anayekaa mitaa miwili kutoka hapo!

"Hajulikani na nani?" Mkia akauliza, na watu wakageuka. "Meneja, si wewe uliyekaa kwenye kiti changu ukanywa chai yangu?"

"Mzee wangu, shusha sauti, kuna wageni," meneja akasema. "Sisi tunakujua sana. Lakini hawa wamekuja kuona vya kale. Nikiandika yameshonwa nyuma ya soko, nani atayatazama? Ichukulie kama sifa, mzee. Umeshona vizuri mpaka yamekuwa ya kale kweli."

Mmesikia? Huo ndio ule ule mtindo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka. Umwibie jina lake, kisha umpongeze kwa kuwa ameibiwa vizuri! Damu inanichemka, wasikilizaji, na mimi nasimulia tu.

Binti akamvuta baba yake mkono. "Baba, mwambie apasue bitana. Hao wageni wayasome magunia wenyewe, tumalize ubishi."

Mkia akalitazama koti. Akatazama mabega, kola, na matundu yaliyomliza mwanawe. "Hapana," akasema. "Koti zima halipasuliwi kwa ajili ya mwongo. Abadilishe kadi." Mlinzi akaja, akamshika kiwiko, akamtoa nje.

Tangu hapo Mkia hakudai kitu kingine. Narudia, wasikilizaji: hakutaka koti, hakutaka malipo, alitaka kadi ibadilishwe. Kila alipokwenda aliambiwa, "Tutaliangalia, mzee." Wakamzungusha mpaka miguu ikamwishia nguvu. Alipolala mgonjwa nyumbani alikuwa akimuuliza binti yake neno moja tu, "Wamebadilisha?" Binti anasema mara ya mwisho alitamani kumdanganya. Akashindwa. "Bado, baba," akamwambia. Mzee akageukia ukutani, binti alikomwangikia ramani zake. Hakuuliza tena.

Sasa sikilizeni kituko. Siku ya mazishi likaja shada kubwa la maua kutoka ukumbini, na kadi yenye sahihi ya meneja. Imeandikwa: "Kwa fundi wetu mpendwa, aliyeshona kwa mkono wake makoti yote ya ukumbi wetu."

Loo! Kumbe wanamjua! Alipokuwa hai, hajulikani. Alipofunikwa udongo, fundi wetu mpendwa. Hivi watu hawa hawana haya?

Binti alilisogelea shada. Aliichomoa kadi ile kwenye maua, akaifuta mavumbi. Siku mbili baadaye akaenda ukumbini na mama yake, na mama alikuwa amevaa lile koti lake dogo, vifungo vyote vimefungwa. Binti akaibandika kadi ya maua kwenye kioo, juu kidogo ya ile nyingine.

Mlinzi akaja, ni yule yule. Akasoma ya juu. Akasoma ya chini. Akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Meneja akaja mbio. "Nani kabandika hiki kitu?"

"Umeiandika wewe, mwanangu," mama akamjibu. "Au mwandiko si wako?"

Wageni walikuwa wameshasogea na wanasoma. Meneja akanyoosha mkono, akaurudisha mfukoni.

Mama, binti, na ninyi nyote mliopoteza ndugu, poleni sana. Redio hii inalia nanyi, na Mungu ampumzishe fundi wetu pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnapovaa kesho asubuhi, fikirini mkono ulioshona hicho mnachokivaa, na kama mwenye mkono huo yu hai, mwendeeni sasa, msimngojee kwa maua. Kisha piteni ukumbini. Nimepita leo kabla ya kuja hapa. Kadi zote mbili bado zipo. Zisomeni, halafu semeni kwa sauti, mpaka meneja asikie huko ofisini kwake, kwamba aliyeshona ni Mkia.