Zoulikha Mekhloufi, Aliyepandisha Sauti Roshani

Tarehe 30 Juni, Bi Zoulikha Mekhloufi, fundi sauti wa ukumbi wetu hapa Tiaret, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wasifu huu naandika mimi, Nadir wa taa, na niliiomba kazi hii kabla mwingine hajaiwahi. Watu wa taa na watu wa sauti hatuivi chungu kimoja, lakini huyu mama nitamsifu bila breki.

Alipoajiriwa, ukumbi mzima ulitegemea amplifaya moja kubwa kama friji, na waya mmoja mrefu uliozunguka kuta zote ukipita spika hadi spika. Kila spika ina transfoma yake ndogo, na hapo ndipo fundi anapoamua spika hiyo ichukue nguvu kiasi gani. Ukijumlisha zote, zisizidi uwezo wa amplifaya. Zikizidi, inajizima, na ukumbi unabaki kimya.

Ila roshani, wanakokaa wanawake siku za harusi na sherehe, haikuwa na spika hata moja. Akina mama waliona midomo ya watu wa chini ikicheza, basi. Zoulikha hakulivumilia hilo. Akamfuata mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Boualem, ambaye kwa heshima ya kwetu tulimwita Si Boualem.

"Amplifaya imejaa," mkurugenzi alimwambia. "Ukiongeza spika umeiua, na mpya hatununui."

"Siongezi mzigo, Si Boualem. Nagawa upya."

Akashinda juu ya ngazi wiki nzima. Spika za korido zilikuwa zinapiga kelele bure, akazipunguza. Za vyooni vilevile. Kisha akafika safu ya wageni rasmi, waliokuwa wamezungukwa na spika ilhali jukwaa liko puani mwao, akazipunguza hadi kunong'ona. Kisha akafunga spika roshani, na nguvu aliyookoa ikapanda huko. Ofisa mmoja alipolalamika kuwa hasikii vizuri, Zoulikha alimjibu kwa adabu zote kwamba akifika nyumbani amuulize mkewe, yeye amesikia kila neno.

Sasa nije kwenye ile harusi ya pamoja. Jumuiya ya hisani ilikuwa inawaozesha vijana wengi kwa mpigo, na ukumbi umefurika. Imamu akashika kipaza sauti kusoma majina ya maharusi. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, halafu sauti ikakatika. Zoulikha akaiwasha amplifaya, ikajizima. Akaiwasha tena, ikajizima tena. Spika za chini tulizikagua, zote nzima, kwa hiyo kosa lilikuwa juu, na sisi wanaume hatukuweza kupanda roshani iliyojaa wanawake waliokwisha kuvua mitandio yao. Akapanda peke yake, nasi tukabaki chini ya ngazi, masikio tumeyatega.

Huko alimkuta Hajja Kheira, bibi wa bi harusi mmoja, amekaa kifua mbele kando ya spika ya redio aliyoileta kutoka nyumbani. Nyaya zake alikuwa amezifunga kwenye waya wetu. Spika ya namna hiyo haina transfoma. Ukiiunganisha pale, inafyonza nguvu ya ukumbi mzima.

"Hajja, nani kafunga kitu hiki?"

"Mimi. Masikio yangu mazito, na Yamina wangu hajaitwa bado. Nilitaka aitwe kwa nguvu."

"Sasa haitwi kabisa. Umewazimia watu wote harusi, bibi yangu."

"Kwa hiyo nirudi nyumbani?"

"Urudi wapi? Hamia hapa, chini ya spika hii. Korido naizima yote, hii yako naipandisha."

Akazifungua nyaya za spika ya redio, na amplifaya ikashika. Imamu akaanza upya, na jina la Yamina lilipotajwa, Hajja Kheira alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika kituo cha mabasi bila msaada wa spika yoyote. Sisi chini ya ngazi tulikumbatiana kama watu walioshinda kombe.

Tangu hapo Zoulikha amefundisha mafundi watatu, na amemfukuza mmoja aliyeiba waya wangu wa taa akafungia spika. Kwa hilo peke yake nampa nishani.

Mwezi uliopita nilimuuliza kwa nini roshani ilimkaa moyoni kiasi hicho. Akaniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi aliitwa kwenye jukwaa letu hili kupokea zawadi. Mama yake alikuwa kule juu, hasikii kitu, akapiga vigelegele jina la mtoto mwingine lilipoitwa. Lilipofika la binti yake, alikuwa ameshakaa, ameridhika.

Mama huyo, Mma Setti, yu hai, na kwenye hafla ya kumuaga Zoulikha Alhamisi hii atakuwa roshani. Dada Zoulikha, ahsante kwa kila jina ulilolifikisha juu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi yenye furaha. Alhamisi usiguse swichi yoyote. Kaa ubavuni mwa mama yako. Jina lako nitalisoma mimi, polepole, kisha nitanyamaza mpaka amalize vigelegele vyake.