Yule Mama wa Kitabuni Hafi

Mvua ya Juni ilikuwa imeshika kasi pale njia panda ya kijiji cha Kunnathara, na benchi la kahawa la Dada Karthu lilijaa mapema kuliko kawaida. Si kwamba watu walikuwa na kiu ya kahawa kiasi hicho. Walikuwa na hasira, na hasira haikaliki nyumbani peke yako. Juu ya kibanda cha kahawa kuna maktaba ya kijiji, ambako wazee hawahawa hupanda asubuhi kugombea gazeti na jioni kucheza karata, lakini maneno yote husemewa chini, benchini. Alikuwapo Chathukutty, anayeitwa Rufaa, maana kesi yake ya mpaka wa shamba ilianza angali na nywele na sasa hana hata moja. Alikuwapo Moideen, aitwaye Mbunge, ambaye kila uchaguzi wa udiwani anagombea na kila uchaguzi anaangushwa. Na pembeni kabisa, bega moja likilowa kwa michirizi ya paa, alikaa Ouseph, mkulima wa kahawa na pilipili manga. Siku nyingine wangemwita Breki na kumkumbusha siku alipoliingiza gari la padri kwenye bwawa la bata. Siku hiyo hakuna aliyemtania. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa habari yenyewe.

– Anza upya, Ouseph, alisema Dada Karthu huku akimimina kahawa ya sukari guru. Mbunge alichelewa, asije akaenda kusimulia uongo wake.

– Mimi? Uongo? alisema Mbunge.

– Kunywa, usikilize.

Ouseph alishika bilauri kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaisimulia habari hiyo mara kadhaa tangu jana.

– Jana shuleni kulikuwa na kile kikao chao. Likizo ya kiangazi imekwisha, kila mwanafunzi na kila mwalimu asimame ukumbini aseme alichosoma. Wazazi tukaalikwa. Akaja pia bwana mmoja wa elimu kutoka wilayani, na mpiga picha wake.

– Ahaa, mpiga picha, alisema Mbunge.

– Ngoja basi! Wakaanza watoto. Mmoja alisoma habari za tembo anayeogopa vyura. Mwingine alisoma maelezo ya mfuko wa mbolea, mwanzo mpaka mwisho, na akapigiwa makofi. Mwalimu wa hesabu akakiri kwamba alianza kitabu, usingizi ukamchukua, watu wakacheka. Mambo yalikuwa mazuri jamani. Ndipo akasimama Mwalimu Mkuu.

– Balagopalan, alisema Rufaa, kama mtu anayetema mbegu.

– Akasema likizo yote alikuwa na ile riwaya nene ya jalada la kijani. Ile ya mama anayewaacha watoto anakwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Akaisifu, akafumba macho. Akasema, “Na mwishoni, ndugu zangu, mama yule anafia ugenini, na watoto wanajifunza uvumilivu.” Hapo Tresa wangu akanyoosha mkono.

Ouseph alikunywa funda moja. Tresa alikuwa darasa la nne, kamwili kama kijiti cha kiberiti, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mama yake alikuwa muuguzi Kuwait, mwaka wa pili sasa. Hilo halikuhitaji kusemwa pale benchini, kila mtu alilijua.

– Akasema, “Hafi, Mwalimu. Yule mama hafi. Anarudi.” Hakusema kwa kiburi, naapa. Alisema kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Yule bwana wa wilayani akacheka. Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu Mkuu akawa mwekundu kama pilipili. Akasema mtoto wa darasa la nne hawezi kukisoma kitabu hicho, nani kamfundisha uongo? Akamtoa nje. Akamsimamisha uani mpaka kikao kikaisha.

– Na mvua ile? aliuliza Mbunge.

– Na mvua ile.

Mbunge aliiweka bilauri chini kwa kishindo mpaka kahawa ikaruka.

– Huyu mtu ana wazimu!

– Na kesho asubuhi, alimalizia Ouseph, mbele ya shule nzima, Tresa aombe radhi. Asipoomba, asikanyage darasani.

Hapo benchi likawaka.

– Hiki ni kifungo bila hukumu, alisema Rufaa. Kumsimamisha mtoto kwenye mvua! Hata mimi, miaka yote ya kesi yangu, hakuna hakimu aliyenisimamisha nje. Tunakwenda mahakama kuu.

– Kwa kesi yako wewe, mtoto atapata haki akiwa bibi kizee, alisema Dada Karthu.

– Tulizeni boli, alisema Mbunge. Ninyi hamuoni siasa. Balagopalan anataka uhamisho wa mjini. Bwana wa wilayani yuko pale, mpiga picha yuko pale. Lazima aonekane msomi. Kakishika kitabu kinene ili picha itoke nzuri. Angekuta tofali lenye jalada, angelishika vilevile.

– Basi angesema ukweli kwamba hakusoma! Mwalimu wa hesabu si alisema? aliuliza Dada Karthu.

– Mwalimu wa hesabu hatafuti cheo.

Rufaa alijikuna upara.

– Mimi naona zaidi ya hapo. Nasikia wachapaji siku hizi wanatoa kitabu kimoja kwa miisho miwili. Wakubwa wanapewa kile ambacho mama anakufa. Sisi makabwela tunapewa kile anachorudi, ili tuendelee kusubiri.

– Nani kakwambia? aliuliza Dada Karthu.

– Mtu wa mahakamani.

– Mtu wa mahakamani ndiye aliyekwambia kesi yako itaisha kabla ya msimu wa maembe! Maembe ya mwaka gani?

– Rufaa hajakosea sana, alidakia Mbunge, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Ila si wachapaji, ni serikali. Fikirini. Wauguzi wetu wote wanakimbilia Uarabuni. Hospitali zetu zimebaki na paka. Serikali ifanye nini? Inapitisha neno kimyakimya kwa walimu wakuu: mama yeyote anayesafiri kwenye kitabu, mfisheni. Watoto watalia, mama zao watarudi.

– Wee Mbunge, umekunywa nini?

– Kahawa yako!

– Mimi nawaambia kitu kimoja, alisema Dada Karthu, na akauchomoa mwiko kwenye mafuta ya bajia akauelekeza kwao kama bunduki. Walimu wakuu wanawaogopa akina mama. Nani anayekwenda shuleni kulalamika? Baba? Baba yuko hapa anakunywa kahawa. Ni mama. Ndiyo maana kwenye hadithi zao mama anakufa mapema, wapumzike. Huyu angethubutu kumsimamisha Tresa kwenye mvua kama mama yake angekuwepo? Angethubutu?

Mvua ilipiga bati la maktaba. Ouseph alitazama vidole vyake.

– Ila tunaye simba hapa, alisema Mbunge, akimpiga begani. Kesho tunaandamana wote. Ouseph mbele. Umemwambiaje mtoto, Ouseph? Umemwambia asimame imara, siyo?

Ouseph aliizungusha bilauri mkononi.

– Ouseph, alisema Dada Karthu taratibu. Umemwambiaje?

– Nimemwambia aombe radhi.

– Ati nini?

– Nimemwambia aombe radhi, yaishe! Mnataka nifanye nini? Mama yake ananipigia simu kutoka Kuwait kuuliza mtoto anaendeleaje, nimwambie kafukuzwa shule? Nimemwambia hata kama una haki, mwalimu ni mwalimu, sema samahani ukakae darasani. Tangu asubuhi hajala. Sahani iko palepale, na yeye kageukia ukuta.

Hasira yote iliyokuwa ikimtafuta Balagopalan ilipata mtu wa karibu.

– Breki! Sasa ndiyo umefunga breki, na pabaya! alisema Rufaa.

– Mtoto kasema kweli, unamfundisha aombe radhi kwa kweli? alisema Mbunge.

– Kweli unaijuaje? Ouseph alifoka, akasimama, kichwa nusura kigonge dari. Mimi nilikuwa ukumbini. Mwalimu Mkuu anasema anakufa. Mtoto wa miaka tisa anasema anarudi. Mtoto ambaye mama yake yuko mbali. Je, kama alitaka tu arudi? Kama aliota? Nikamtetee mbele ya watu kwa ndoto?

Hayo hakuwahi kumwambia mtu. Yalipotoka aliona aibu, maana aliyasikia jinsi yalivyo.

Mwisho wa pili wa benchi alikaa mgeni, mtu aliyejikinga mvua akisubiri basi la kwenda Mananthavady, fenesi kubwa kalipakata kama mtoto mchanga. Muda wote huo alikuwa anakula bajia kimya. Sasa alijifuta mdomo.

– Samahanini wazee, alisema. Kati yenu, nani amekisoma hicho kitabu?

Rufaa alimtazama Mbunge. Mbunge alimtazama Dada Karthu. Dada Karthu akageuza bajia ambazo zilikuwa zimeshaiva.

– Kwani mtoto alikipata wapi? mgeni aliuliza tena.

Macho ya wote yalipanda juu, kwenye sakafu ya maktaba, ambayo ndiyo dari ya benchi lao. Basi lilikuja likipiga honi. Mgeni alinyanyua fenesi lake, akalipia, akaondoka.

Ouseph alipanda ngazi. Walimsikia akiburuza kiti, akimuuliza mtunza maktaba. Chini hakuna aliyeagiza kahawa nyingine. Aliposhuka alikuwa na kitabu cha kijani kwapani, na uso wake umebadilika.

– Hafi, alisema.

– Hafi?

– Nimesoma ukurasa wa mwisho. Anashuka kwenye basi na sanduku. Mtoto mdogo hamtambui, anamuuliza, “Unamtafuta nani?” Lakini karudi. Karudi!

Benchi lilipiga kelele mpaka watu wa duka la mbolea wakatoka kuchungulia. Mbunge akaanza kupanga maandamano, nani abebe bango. Rufaa akadai apewe kitabu akiapishe. Ouseph hakuwasubiri. Alikificha kitabu ndani ya shati, akakata njia katikati ya mibuni kwenda nyumbani, akiteleza, akijishikiza kwenye matawi.

Tresa alikuwa bado amegeukia ukuta.

– Mjukuu wangu. Kesho huombi radhi kwa mtu.

Msichana aligeuka. Alikiona kitabu.

– Umekisoma, Babu?

– Nimekisoma! Kweli hafi. Anashuka kwenye basi.

– Umekisoma chote?

Ouseph alikohoa.

– Mwisho. Ndiko kwenye ugomvi, si mwishoni?

– Na katikati je? Yule dada mkubwa anayeandika barua za uongo ili mdogo wake asilie?

– Huyo... sijafika.

Tresa alivaa miwani yake, akaufunga uzi vizuri sikioni. Hakuwa amekasirika. Alisikitika tu, jambo ambalo kwa Ouseph lilikuwa baya zaidi.

– Basi usimwambie Mwalimu Mkuu umekisoma, alisema. Yeye ndivyo alivyofanya.

Mzee alivuta kigoda. Alikaa, akafungua ukurasa wa kwanza, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu. Tresa alimwangalia mpaka alipogeuza karatasi. Kisha akavuta sahani yake, akala.

Asubuhi mvua ilipungua. Shule nzima ilikuwa imepanga mistari uani. Maandamano ya Mbunge yalikuwa yamefika hadi getini, watu wanne pamoja na mbwa, na hapo mlinzi akayazuia. Ouseph aliingia kwa sababu ni mlezi. Alimshika Tresa mkono wa kulia, kitabu mkono wa kushoto, na kijani chake kilionekana kutoka mbali. Kilionekana hata kwa Mwalimu Mkuu, maana aliacha kusoma matangazo.

– Mwanafunzi Tresa, alisema Balagopalan. Njoo hapa mbele. Una la kusema?

– Hana, alisema Ouseph. Ninalo mimi.

Alipiga hatua moja mbele, akakiinua kitabu.

– Mwalimu, hataomba radhi leo. Mimi kitabu hiki nimefika nusu. Sitasema kitu ambacho sijafika. Nikimaliza nitakuja hapahapa, wewe na mimi, mbele ya watoto hawa, tuzungumze tulichosoma likizo. Mpaka hapo mtoto anakaa darasani kwake. Kama humtaki, niambie sasa, niende wilayani kwa yule bwana aliyecheka.

Matone yalidondoka kwenye mfenesi. Mwalimu wa hesabu aliinamisha kichwa, mabega yakimcheza kwa kicheko. Balagopalan alishuka ngazi mbili, akanyoosha mkono, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, ya mtu na mtu mwenzake:

– Hebu nipe mara moja nikitazame.

Ouseph alikibana kitabu kwapani.

– Kiko kwenye foleni, Mwalimu. Nikimaliza mimi anapewa Chathukutty, halafu Moideen, halafu Dada Karthu. Ukikitaka, nenda maktaba ukajiandikishe.

Kisha akamwachia Tresa mkono, naye akaenda zake darasani.