Jambazi Mkuu Hajui Kulia

Kwenye treni ya asubuhi, dada mmoja mwenye sare ya uuguzi alikuwa akiichambua filamu ya majambazi wa benki. Aliyekaa naye, kinyozi mwenye mashine zake mapajani, alikuwa akiitetea. Sisi wengine tulijifanya tunatazama nje.

"Yule jambazi mkuu ni gogo, kaka yangu. Anashika bunduki kama kashikishwa mtoto wa jirani aliyejikojolea."

"Na yule polisi je? Anabweka tu," kinyozi akamtetea jambazi.

"Heri huyo anabweka. Jambazi wako hata kulia hawezi, anafinya macho kama mtu aliyeingiwa na povu la sabuni."

Kinyozi hakukubali kushindwa. "Lakini anapomdanganya mkewe, dada! Anajishika sikio, sauti inashuka taratibu. Pale hata mimi nilimwamini."

Treni ikapunguza mwendo. Muuguzi akasimama, akatundika mkoba begani.

"Pale haigizi, kaka. Hata mimi nilimwamini, nikamzalia wawili."

Milango ikafunguka. Sote tuliokuwa tunatazama nje tukageuka kwa pamoja, tukauona mgongo tu.