Kafi la Fanwell Mwewa Ambalo Halijarudi

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wageni wetu mliovuka ziwa, na ninyi wakubwa wa serikali mliokaa kwenye viti vya mbele, jamaa imetaka historia hii isomwe kwa Kiswahili, ju Kiswahili ndicho kilichomuuma marehemu mupaka akafa.

Marehemu Fanwell Mwewa alizaliwa Kafutuma tarehe 3 Mei 1921, mutoto wa pili wa muzee Musonda, muvuvi, na mama Eness. Alisoma shule ya misheni mupaka 1936, kisha akavuka kwenda Elisabethville kwa kazi ya mugodi, na huko akajua Kiswahili na Kifaransa hata wenyeji wakasahau kama yeye ni mutu wa ng'ambo hii. Tarehe 9 Agosti 1947 alimuoa mama Suzanne Mwenze wa Kilwa ya kule ng'ambo, Mungu akawapa watoto watatu, Olipa, Jairos na Dominique. Alirudi nyumbani 1961, na mwaka 1966 serikali ikamuandika kazi ya ukalimani hapa Nchelenge.

Aprili 1977, wakati wa vita ya Shaba kule ng'ambo, watu kumi na tisa walikimbia bunduki wakashukia kisiwa chetu cha Chisenga, na marehemu akawapokea, akawapa samaki na moto, hakuuliza kabila la mutu. Lakini serikali ya kule iliwataka, na wakubwa wetu hawakupenda kumukasirisha jirani. Redio ilituambia kila siku kama nchi yetu inasimama na wanaoonewa kule kusini, tukapiga makofi, tukachanga hata mahindi, kumbe mwenye kuonewa akitokea kaskazini, tena amelowa maji, huyo ni muzigo wa kurudishwa. Wema gani huo, unaouliza kwanza mutu ametokea upande gani?

Tarehe 2 Mei mukubwa mumoja alitumwa Chisenga kuwaambia warudi kwao, kwamba wamesamehewa na hakuna atakayewagusa. Yeye alisema kwa Kiingereza, marehemu akasema kwa Kiswahili, na wale watu hawakumuamini mukubwa, walimuamini marehemu. Naye aliamini, tuliseme wazi, ju alimuuliza mukubwa mara mbili na mara mbili akaapiwa. Ndipo akafanya desturi yetu ya ziwani, kwamba mutu akikuhakikishia ng'ambo ni salama anakupa kafi lake uvuke nalo, na ukifika salama unalirudisha kwa bwato la kwanza. Marehemu alimupa Mulumba, kiongozi wao, kafi alilorithi kwa baba yake.

Halikurudi. Mabwato yalikuja, yakaleta chumvi na vitenge, yakaleta na habari kwamba watu wale walipakiwa kwenye lori pale pale ufukoni kwao, wasionekane tena. Marehemu alikwenda biro ya serikali kuuliza, akajibiwa kwamba mambo ya nchi na nchi si mambo ya mukalimani. Aliacha kazi siku ile ile, na tangu hapo kila asubuhi alishuka bandarini kuulizia kafi. Sokoni wako waliomuita muuza-watu, na mama Berthe, dada ya Mulumba, alivuka akamutemea mate mbele ya watu, naye akajifuta, akashuka bandarini. Leo tunasema mbele ya jeneza lake kama kinywa kilikuwa chake, uongo haukuwa wake, na wenye uongo wametuma shada la maua, lile pale.

Januari 1979 alianza kuugua presha, mwezi wa sita akapooza upande wa kuume, na tarehe 21 Julai 1979, alfajiri, akafariki nyumbani kwake, mama Suzanne akiwa amemushika mukono.

Tunamushukuru munganga na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika ugali wa bukari, wenzake wa kazi waliokuja ingawa walikatazwa, na mama Berthe, aliyevuka jana, akakaa kwenye mukeka pamoja na mujane, akalia naye mupaka asubuhi. Wakubwa nao wamejitolea kununua kafi jipya, lisimikwe kichwani pa kaburi kama anavyofanyiwa muvuvi yeyote. Jamaa imekataa. Kaburi litabaki hivyo hivyo, bila kafi.

Pumzika kwa amani, Baba Fanwell. Kesho asubuhi Jairos atashuka bandarini kuuliza.