Wahesabiwe Walipo

Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti. Afande Misheck Riungu, mkuu wa gereza letu tunayekuaga leo, na Mama Riungu uliyetuazima mume wako miaka yote hii. Daktari Kagure wa zahanati ya gereza. Maafisa na askari wa vyeo vyote. Majirani zetu mliotoka Siakago. Na nyinyi kina mama wa nyumba za askari, mlionisukuma hapa mbele kwa madai kwamba bibi harusi haishiwi maneno: hamjambo nyote.

Naitwa Kawira. Mume wangu ni Koplo Gichovi, yule mrefu pale anayejifanya anakagua viatu vyake. Ndoa yetu haijamaliza mwezi, kwa hivyo mnivumilie nikimtaja mara nyingi. Nikisikia hatua zake jioni moyo wangu bado unaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Lakini siku ya kwanza tuliyoipanga kufunga ndoa, mwaka jana, huyu mume wangu alikuwa amefungiwa ndani ya gereza hili pamoja na kipindupindu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Karurumo mapema kwa maandalizi, nikafikia kwa Cicily, mke wa askari mwenzake, kwenye nyumba za askari nje ya seng'enge. Nikakuta gerezani haingii mtu, hatoki mtu. Gereza lililojengwa kwa watu mia mbili lilikuwa na karibu mia sita, wengi wao mahabusu wa kesi za kukata kuni msituni na kupika pombe, wakilala ubavu kwa ubavu hivi kwamba mmoja hageuki mpaka wote wageuke. Ugonjwa ukiingia mahali kama hapo, unahitaji kuulizia njia? Wafungwa wawili, Runji na Ngari, walikuwa wamekwisha kufa. Gichovi alizungumza nami akiwa mbali, ng'ambo ya seng'enge, na harufu ya klorini ilinifikia kabla ya sauti yake. Nilimuuliza kama tuahirishe keki. Akasema keki iahirishwe, Kawira asiahirishwe. Mnaona nilichopewa na Mungu?

Daktari Kagure alikuwa ameagiza wagonjwa watengwe kwenye karakana ya useremala. Wakatengwa. Dawa zikaja, maji yakatibiwa. Na bado kila kulipokucha wagonjwa wapya walibebwa.

Sababu niliiona mwenyewe kutoka nyuma ya nyumba ya Cicily, ambako uwanja wa gereza unaonekana. Jioni wafungwa huchuchumaa kwa safu za watano watano wahesabiwe, kisha kila watano hula kwenye karai moja. Saa hiyo mlango wa karakana ulifunguliwa, na kila mgonjwa aliyeweza kusimama akatolewa, ameshikwa kwapani, akarudishwa kwenye watano wake ili safu isipungue. Akala nao palepale, mkono juu ya mkono. Kwetu kula chombo kimoja ni upendo. Jioni zile kilikuwa kifo. Daktari alikuwa amelalamika, akajibiwa kwamba tiba ni yake, hesabu ni ya gereza. Kisha Afande Riungu akasema, "Imetimia," kama alivyosema jioni zote za utumishi wake, maana hajawahi kupoteza mfungwa hata mmoja kwa kutoroka.

Afande, nayasema haya mbele yako kwa sababu wewe mwenyewe uliniomba nisiyafiche.

Ikafika ile siku ambayo ingekuwa ya harusi yetu. Jioni Gichovi alikuwa zamu kwenye mlango wa karakana. Amri ikatoka kwamba wagonjwa waletwe. Gichovi hakusogea.

"Afande, leo hawa hawatoki. Wahesabiwe walipo."

Mimi na Cicily tulimsikia tukiwa nyuma ya seng'enge. Watu karibu mia sita wamechuchumaa, bunduki ziko juu ya mnara, na koplo amekataa amri mbele ya wafungwa. Cicily alinishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiembu kwamba sasa sina harusi na mume hana kazi. Afande alimwendea mpaka kofia zao zikakaribia kugusana.

"Koplo, unajua unachofanya?"

"Najua, Afande. Leo nilikuwa nioe."

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania seng'enge hadi viganja vikatoka damu. Kisha Afande akavua kofia, akampa sajini. Akakunja suruali, akakanyaga beseni la maji ya klorini mlangoni, akaingia ndani mwenyewe. Tulimsikia akiita jina, akingoja kuitikiwa, akiita jingine. Alipotoka alisimama mlangoni.

"Imetimia," akasema. Halafu, polepole, "Ukiacha Runji na Ngari."

Kuanzia hapo hakuna mgonjwa aliyetolewa ahesabiwe, na hakuna waliokula karai moja. Walikula kwa zamu, kila mtu na chombo kilichooshwa. Afande hakurudi nyumbani mpaka ugonjwa ulipokwisha. Koplo wangu hakushtakiwa. Na mwezi huu, tulipofunga ndoa, Afande alisimama kwenye mlango wa kanisa akihesabu wageni, akanijia na kuniambia amepungua mmoja. Alikuwa bwana harusi, nyuma ya kanisa, anapambana na tai.

Mheshimiwa Kamishna, wodi ya kutengea wagonjwa uliyotufungulia leo ni nzuri, na mabomba yake yana maji. Lakini wale wa kuni bado wako ndani, na usiku bado wanageuka wote pamoja. Ukuta mpya wa wodi utawasogeza wapi, kama idadi yao haipungui?

Afande Riungu, unaenda kupumzika Timau, kwenye baridi. Jioni ikifika na ulimi wako ukatafuta cha kuhesabu, anza na nyumba yetu. Usituite kwenye safu. Tuhesabu tulipo, Gichovi na Kawira, wazima, pamoja, kwa sababu ulikubali kuvua kofia. Na ukifika kwa Runji na Ngari, usiwaruke.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.