Shamba la Mama Sidonie na Karatasi Isiyoombwa

Ninyi wote mulioketi hapa, mutu akikupa shamba kwa moyo mweupe, akakutembeza mupaka wote kwa miguu yake, wewe utamuomba karatasi? Tunauliza mapema, kwa sababu historia ya marehemu wetu Mama Sidonie inafungwa na swali hilo, na sisi familia, franchement, tumechanganyikiwa, hatujui kama tunalia ao tunagomba.

Mama Sidonie alizaliwa Lusangi, territoire ya Kabambare, tarehe 12 mwezi wa tatu 1951, mutoto wa mulimaji wa mupunga, akaingia shule ya misioni mwaka 1961, na vita ya 1964 ikamutoa kalasi ya tatu, hakurudi tena. Kusoma alisoma kwa kidole, polepole, lakini kuandika hakukumukaa, akaweka dole gumba maisha yake yote bila haya. Tarehe 8 mwezi wa nane 1970 aliolewa na Baba André, seremala wa hapa Kasongo, wakapata watoto wane, wawili wakatangulia, wamebaki mujomba Fabrice na dada yake Rosine. Baba André alituacha tarehe 2 mwezi wa tano 1997.

Kazi yake munaijua, munaila: tangu 1973 alinunua mupunga Kabambare na kuuza muchele Kasongo, kwanza kwa kichwa, kisha kwa baisikeli, kisha kwa pikipiki za watu, kwenye ile barabara ambayo mashimo yake yana umri mukubwa kuliko vijana wanaoyapita.

Mwezi wa kumi 2012 alipita na muchele wake kwenye shule moja ya msingi, mahali Profeseri Ayoubu, mutoto wa familia ya wachuuzi Waislamu wa muji huu, alikuwa ameazima vyumba saa za mchana kwa chuo kikuu alichokianzisha mwaka mumoja kabla, yeye mwenyewe recteur, mukubwa wa chuo. Mama akaona wanafunzi wa droit, wa sheria, watu wenye ndevu, wamekunjwa kwenye viti vya watoto wa miaka sita, magoti kwenye kidevu, akacheka, akamuuliza recteur kama anafundisha majaji ao vyura, na recteur, ambaye siku hizo bado alikuwa na mudomo, akajibu kwamba vyura angalau wana bwawa lao. Jumamosi ya tarehe 20 alimupeleka kwenye shamba lake la hektari ine, barabara ya Nyangwe, wakalizunguka wawili kwa miguu, wakapanda mugomba kila pembe, akamwambia bwawa lenu ni hili. Kwa wazee wetu, hiyo ilitosha.

Toka siku hiyo, karibu kila Jumamosi kwa miaka kumi na mitatu, walikutana pale, Mama na sufuria ya wali, recteur na jembe. Mama alijua nani anafyatua matofali yanayoyeyuka, recteur alijua kuandika barua za kuomba mabati. Waligombana sana: recteur alitaka kwanza bureau, ofisi yake, yenye baraza, Mama akasema kwanza vyoo vya wasichana, maana mutoto wa mutu hawezi kushika sheria kichwani huku amejibana, na vyoo vikasimama 2014, bureau inangoja mpaka leo. Wanawake wa soko walipomuita Madame Recteur kwa kumuchokoza, aliwajibu kwamba kama angekuwa anatafuta bwana, angalau angetafuta anayejua kulima.

Halafu, mwaka 2022, wakubwa wa serikali walikuja kukagua chuo, wakaomba karatasi ya shamba. Hakuna. Bila karatasi, hakuna agrément, kibali cha serikali. Bila agrément, diplômes za watu sitini na watatu, pamoja na ya mujukuu wake Glody anayewasomea hapa, licencié en droit, aliyemaliza masomo ya sheria, anayebeba abiria kwa pikipiki, ni za kufungia karanga.

Recteur alipaswa kumwambia rafiki yake neno moja tu. Jumamosi iliyofuata alimukuta Mama anakohoa, akaona aibu, kwani kumuomba mugonjwa karatasi ya shamba ni kumuhesabia siku, akazungumza habari ya mvua. Mama naye alikuwa amekwisha kusikia yote sokoni, akangoja aombwe, kwani alisema kwa Rosine kwamba mutoaji akileta karatasi bila kuombwa anasimanga. Bref, heshima huku, heshima kule, miaka mitatu ya Jumamosi, na vijana tunazeeka juu ya pikipiki. Ni nani mwenye kosa hapo? Tumejaribu kumukasirikia mumoja, hasira inateleza inakwenda kwa mwingine.

Mwezi wa pili mwaka huu kikohozi kikawa maji ndani ya mapafu, akalazwa mara mbili. Jumamosi ya tarehe 8 mwezi huu wa kumi na moja alivaa kitenge kipya, akaomba kiti kiwekwe karibu na kitanda. Recteur akaja, akanywa chai, akasifu kitenge, akaaga. Mama alikata roho nyumbani Jumatatu tarehe 10, alfajiri, na Rosine alipoinua muto alikuta tampon ya wino wa dole gumba, mupya, imefunguliwa.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomutunza, majirani waliochota maji na kukesha, wachuuzi wenzake wa muchele, na wanafunzi waliobeba jeneza kwa zamu. Mama, umetembea vya kutosha, lala sasa kwa amani bila mzigo kichwani.

Lakini jeneza lisishushwe kwanza. Mujomba Fabrice, usiku wa kukesha ulisema shamba lisilo na karatasi linarudi nyumbani. Kwa sheria niliyofundishwa juu ya shamba hilohilo, neno lako lina nguvu, ndiyo sababu tunakuita mbele ya watu. Profeseri Ayoubu, wewe umeketi safu ya kwanza na macho chini: simama, mugeukie Fabrice na Rosine, uombe ile karatasi kwa mudomo wako, leo, hapa. Na ninyi wawili, mukisha kuombwa, muweke dole kwenye karatasi. Tampon ya Mama iko juu ya jeneza, wino haujakauka.