Aliona Silaha, Mimi Nilishika Mkasi

Ndugu zangu, mnivumilie. Mimi nimezoea kuongea na cherehani, na cherehani haijibu. Leo nimepewa wanadamu.

Wengi mnanijua. Nashona barazani pale Gerezani, katikati ya mafundi magari. Mwaka juzi, mchana kweupe, nilimkabidhi mteja mfuko wake, akaondoka. Kugeuka, gauni lake liko mezani! Nimempa nguo ya mama mwingine, mnene mara mbili yake, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ni jioni ileile.

Nikachomoka mbio kuelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi. "Wewe dada! Simama! Leo huendi popote!" Ndiyo, nilisema hivyo, msinicheke. Na mkononi nina mkasi, ule mrefu wa kukatia vitambaa. Wallahi sikukumbuka kwamba nimeushika.

Asubuhi kulikuwa na vurugu sokoni, kwa hiyo askari walikuwa doria. Mmoja akapaza sauti nyuma yangu, "Weka chini! Weka chini!" Nilidhani anamwambia mpagazi aliyebeba gunia. Nikazidi kukimbia. Rungu likatua kwenye kifundo cha mkono huu wa kulia. Mlio wa mfupa niliusikia kabla ya maumivu.

Yule mteja alirudi mwenyewe na mfuko, akanikuta nimekaa chini nalia. Nguo ilifika sendofu. Mimi nilifika hospitali.

Plasta ilitoka, hofu ikabaki. Siku moja alikuja mlinzi wa benki, maskini, anataka kushonewa kifungo. Kuona sare tu, nikaingia chini ya meza! Akawa anaita, "Fundi? Fundi?" Nikamjibu kutoka huko chini kwamba fundi hayupo.

Jirani yangu mwenye duka la vitambaa, mama wa Kilimanjaro, ndiye aliyenitoa. Akainama, akaniambia, "Mdogo wangu, utaishi chini ya meza mpaka lini? Kesho tunaenda kituo cha polisi, wewe na mimi."

Tulienda mara tatu; mbili za kwanza tuliambiwa turudi siku nyingine. Mara ya tatu mkuu wa kituo akatukalisha ofisini, akamwita yule askari. Kijana wa watu, hata machoni hanitazami.

"Afande, niliona silaha," akasema. "Niliona mtu anakwenda kuchomwa. Nikamwamuru aweke chini."

"Ulimwamuru nani?" nikamuuliza. "Barabara nzima ilikuwa na watu!"

Mkasi nilikuwa nao mkobani. Nikaomba ruhusa kuutoa. "Taratibu, mama," mkuu akasema, na kiti akakisogeza nyuma kidogo. Nikampa yule askari. "Shika. Nenda mlangoni, uje mbio kama nilivyokuwa nakimbia."

Akaja.

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa! Ule mkasi ukimjia mtu ni kisu kabisa. Pale pale nikaona alichokiona yeye. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe: "Kaka, una nini mkononi?"

Akasimama. "Mkasi."

"Umeona?" nikamwambia. "Na mimi nimeogopa. Ila nimekuuliza, umenijibu, na mkono wako mzima."

Akauweka mezani. Kisha akasema, "Dada, sikukupa hata nafasi ya kugeuka. Nimekukosea. Nisamehe."

Nililia kuliko siku ya kuvunjika. Adhabu yake aliipata kwa wakubwa zake, hilo si langu. Langu ni kwamba jioni ile nilipita mbele ya askari wanne pale njia panda, nikawasalimia "Mambo?" wakajibu "Poa mama," na sikutafuta meza ya kujificha.

Baadaye mkuu akaniita nizungumze na askari kabla ya doria. Tukaigiza lile tukio, kila mmoja na zamu yake, tukacheka mpaka basi. Lakini walielewa.

Namshukuru jirani yangu, yule pale anajificha nyuma ya kitenge. Namshukuru nesi aliyenikandisha unga kila siku, ndiyo mazoezi ya mkono, mpaka vidole vikakunjuka. Namshukuru hata yule kijana, maana kukiri kosa mbele ya mkubwa wako si mchezo. Na Mungu, ambaye sina cha kumlipa.

Nilichojifunza ni hiki: hofu si dhambi, askari anayo na mimi ninayo. Dhambi ni kuiacha ipige kabla ya kuuliza. Na ukiumizwa, usinyamaze. Kama yupo humu aliyeumizwa na bado anajificha, aniambie tukitoka. Jumatatu asubuhi mimi na jirani yangu tuna nafasi. Tutamsindikiza kituoni.